Sentimita Moja

Kwanza nilipima kichochoro, si meza.
Nilimpa Twaha ncha moja ya kamba,
mita sita, urefu wa upau unavyotoka kiwandani,
nami nikashika ya pili, tukapanda kutoka gatini
tumeikaza kama wabebao kioo kisichoonekana.
Penye kona ya kwa Bi Rukiya kamba iligusa ukuta,
ikapinda.
Aluminiamu haipindi.
Basi kila upau utakatwa kati huko huko Mokowe,
utufikie Langoni vipande viwili vya mita tatu,
na hesabu yangu ya jana
ikawa karatasi ya kufungia njugu.

Ilikuwa hesabu safi, lakini.
Miguu minne, tisini tisini.
Mbavu ndefu nne, mita moja na themanini.
Mbavu fupi nane, sitini sitini.
Jumla kumi na tano nukta sita;
gawa kwa sita, pau mbili na ushei, sema tatu.
Hata mtoto wa chuoni angesema tatu.

Ila jumla haikatwi kwa msumeno.
Hukatwa kipande, na kipande kina kwao kinakotoka.
Na msumeno nao hula:
milimita tatu kila upitapo,
kama dalali, haondoki sokoni mkono mtupu.

Katika mita tatu toa ubavu mrefu, toa mfupi mmoja,
unaobaki ni hamsini na tisa na kitu.
Nataka sitini.
Mara nne hivyo, vipande vinne,
vyote vimepungua upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.
Nikapekua mabaki ya miguu, nikapata vitatu.
Nikakosa kimoja.
Kimoja!

Shemeji Famau akasema: agiza upau wa nne, utulie.
Upau wa nne ni pampu mbili nilizokwisha tengeneza
na wenyewe bado wananisalimia kwa mbali.
Akasema: basi punguza miguu.

Miguu siigusi.
Meza ya baba, hii ya mbao za makreti,
mchwa wameila kwa ndani
hata ina matundu kama mkate wa kumimina.
Baba alikuwa mfupi. Sabini na mbili ilimtosha.
Miaka kumi na mmoja nimeinamia kimo chake
nikifungua mota, nikisuka waya,
na kila usiku kiuno kinanisomea deni.
Tisini nimeipima kwenye kisugudi changu,
nimesimama wima, ukutani, kwa chaki.
Hiyo haina mjadala.

Nikalala na nambari.
Alfajiri, maji ya udhu bado mikononi,
nikajiuliza: sitini, nani aliisema?
Si ukuta. Si pampu. Si baba,
yake ilikuwa hamsini na nne na imepinda.
Ni mimi tu, kwa kuwa sitini ni tamu kutamka.

Hamsini na tisa.
Mrefu mmoja, wafupi wawili, meno ya msumeno,
mita tatu ikatosha
na ikabaki chembe isiyofunika hata kidole gumba.
Mbavu nane kutoka vipande vinne,
miguu kutoka viwili vilivyobaki.
Nikampigia muuzaji Mombasa kabla hajafungua duka:
Tatu. Ndiyo, tatu. La, sitaki ya tahadhari.

Ikasalia mita mbili na sentimita kumi.
Twaha ameiomba, hajasema ya nini.

Kipya kinyemi; naifuta meza hata ikiwa safi.
Mbao ya juu niliikata sawa na mbavu,
kwa hiyo kati yake na ukuta
pana mwanya wa sentimita moja.
Humo ndimo zinamoangukia skrubu ndogo
zote zinazonitoka mkononi.
Siinami kuzitafuta.
Najua zilipo.